Dakika 14 za Schubert, dakika 8 za Messiaen

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Ninaimba alto katika kwaya ya kanisa hapa Morogoro, na muziki wa ala sijawahi kuusomea. Mwezi uliopita kijana wa dada yangu alinitumia rekodi mbili. Ya kwanza ni sehemu ya polepole ya kwinteti ya Schubert, dakika 14, nayo ilikwisha kabla sijakaa sawa. Ya pili ni ya Messiaen, chelo na piano tu, dakika kama 8. Hiyo niliona haina mwisho, ingawa sikutamani iishe. Zote ni za polepole na zote hazina maneno. Aliyenitumia anasema muziki huu wa watu wachache unazungumzia wakati. Unazungumzaje bila maneno? Na kwa nini wawe wachache?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwa sababu umesikia peke yako jambo ambalo wanafunzi wangu wa chelo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, huchukua miaka kulisikia: polepole si ya aina moja.

Nianze na lugha yetu, maana imeshatufanyia nusu ya kazi. Sisi tuna muda na tuna wakati. Muda hupimwa: muda wa dakika 14, muda mfupi, muda umekwisha. Wakati huwadia, huingia, hupita. Watu husema wakati wa sala umeingia. Hutasikia mtu akisema muda wa sala umeingia kwa maana ileile. Simu yako ilikuonyesha muda wa rekodi zote mbili, na haikukosea. Ulichokisikia wewe ni wakati, na huo haukuwa ndani ya simu. Ulitengenezwa na watu watano kwenye rekodi ya kwanza na watu wawili kwenye ya pili.

Nijibu kwanza swali lako la mwisho, la uchache. Muziki huu huitwa muziki wa chemba, nao ni wa wapigaji wawili hadi wanane au tisa hivi. Kila mmoja ana sehemu yake asiyochangia na mtu, na mbele yao hakuna kondakta. Kwenye kwaya yenu, mkono wa mwalimu ndio saa. Anapoushusha mnaingia, anapoufunga mnanyamaza. Tena wewe ukiishiwa pumzi katikati ya mstari, alto mwenzako anaishikilia sauti mpaka urudi, wala waumini hawajui. Kwenye kwinteti hakuna mkono na hakuna wa kukushikia. Watu watano inabidi wakubaliane, bila neno, kwamba sasa ndiyo sasa. Wanakubaliana kwa pumzi ya puani, kwa bega, kwa namna upinde unavyotua juu ya uzi.

Kipande hicho cha Schubert nimekipiga hadharani mara moja, nikiwa chelo ya kwanza. Sehemu yangu mwanzoni ni noti ndefu tu. Mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuziweka vidole. Siku hiyo moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikahamia sauti inayofuata kabla ya wenzangu, kwa kiasi ambacho saa ya mkononi isingekiona. Noti yenyewe ilikuwa sahihi. Lakini nilihisi kitu kikipasuka. Tangu hapo tukawa watu watano wanaofukuzana, na ilituchukua karibu ukurasa mzima kurudi pamoja. Mpiga viola, ndugu mkubwa wa vayolini, ndiye aliyetuokoa. Alivuta pumzi moja ndefu, sote tukaisikia, tukashuka juu ya sauti iliyofuata kama watu wanaoketi kwenye benchi moja. Ndiyo maana nakwambia wakati hautoki kwenye karatasi. Karatasi ina muda.

Sasa fungua tena rekodi ya Schubert, usikilize kwa kuchambua. Kwinteti hii ya C meja Schubert, mtunzi wa Vienna, aliiandika mwaka 1828. Mozart, alipotaka kuongeza mtu wa tano kwenye kundi la wanne, aliongeza viola. Schubert aliongeza chelo ya pili, na kwa hiyo chelo ya pili akaweza kuweka saa tatu ndani ya chumba kimoja.

Saa ya kwanza iko katikati. Vayolini ya pili, viola na chelo ya kwanza wanashika sauti ndefu kwa pamoja, na huo ndio wimbo wenyewe. Lakini unakwenda taratibu kiasi kwamba sikio linadhani umesimama. Ni kama kivuli cha mwembe uani: ukikitazama hakiendi, ukigeuka kidogo kimeshafika mlangoni. Saa ya pili iko chini. Chelo ya pili inadonoa nyuzi kwa kidole, tone baada ya tone, na hiyo ndiyo saa ambayo mtu yeyote anaweza kuihesabu. Saa ya tatu iko juu kabisa. Vayolini ya kwanza inasema vijineno viwili vitatu, inanyamaza, inasema tena, kama mtu anayewaza kwa sauti na hamalizi sentensi.

Hebu fikiria siku uliyokuwa na safari nyingi: benki, sokoni, hospitali, kurudi. Jioni unasema siku ilikuwa ndefu, kwa sababu kila shughuli iliyokwisha uliihesabu. Masikio hufanya vivyo hivyo. Tunahesabu vitu vinavyokwisha. Pale Schubert amekunyima miisho. Wimbo wa katikati ukikaribia kufunga, unafunguka upande mwingine. Ukitaka kuhesabu matone ya chini, vayolini inakuita juu. Ukipanda juu, imeshanyamaza, unaanguka tena katikati kwenye kile kivuli. Dakika zinapita na wewe hujapata pa kuweka alama. Ndiyo sababu ilikwisha kabla hujakaa sawa.

Halafu, kama dakika ya nne au ya tano hivi kutegemea na wapigaji, amani hiyo inakatwa. Sehemu hii ya polepole ilianza E meja, yaani nyumbani kwake ni sauti ya E, kwa hali ya uchangamfu; sasa tuko F maina, nyumbani ni F, kwa hali ya huzuni. Kwenye piano E na F ni jirani, hakuna hata kibonye cheusi kati yao, lakini kwa sikio ni safari ya mbali sana. Vayolini ya kwanza na chelo ya kwanza wanalia wimbo mmoja, mmoja juu na mwingine chini, na walio katikati wanatetemeka. Dhoruba hiyo haiishi kwa ushindi. Inachoka. Inakatikakatika, vimya vinaingia katikati yake, mpaka unabaki na pumzi tu.

Kisha wimbo wa kwanza unarudi. Hapa ndipo ninapotaka usimamishe kazi zote, uache hata chai. Wale watatu wa katikati wanapiga kama mwanzo, sauti zilezile. Lakini sikiliza chini. Ile chelo iliyokuwa ikidonoa sasa imeshika upinde na inatembea, noti ndogondogo za haraka, kwa sauti ya chini, haitulii. Na vayolini ya kwanza, iliyokuwa na vijineno viwili vitatu, sasa inazunguka na kupambapamba. Kilichotokea kimetokea. Amani imerudi nyumbani, ila nyumba si ileile.

Umeuliza muziki unazungumzaje bila maneno. Unazungumza hivyo. Katika nyimbo zenu kiitikio hurudi na kuwa kilekile ili watu washike, na beti ndizo zinazobadilika. Schubert amekigeuza hicho. Amekurudishia kiitikio, lakini amekiacha na alama za ubeti. Wewe umeubeba ule wa kwanza kichwani, kwa hiyo unasikia vyote viwili, uliokuwapo na ulipo sasa, na tofauti kati yake ndiyo wakati uliopita. Hakuna aliyekueleza. Umeupitia. Na pale mwisho kabisa, sauti zinapotua tayari kulala, kwa kitambo kifupi F maina inachungulia tena kisha inajifunga. Wasikilizaji wengi huikosa. Mimi kila mara nywele hunisimama.

Watasema kwamba Schubert alikuwa akiaga dunia. Alikufa tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, ana umri wa miaka 31, kwa hiyo ni rahisi kusema. Mimi sipendi kuusikiliza hivyo. Tarehe 2 Oktoba alimwandikia mchapishaji kumweleza kwamba amemaliza kwinteti na kwamba itajaribiwa karibuni. Ni barua ya mtu anayeuza kazi yake na kupanga wiki zijazo. Mchapishaji hakuichukua. Ilipigwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1850 na kuchapishwa mwaka 1853, robo karne baada ya wino kukauka. Ukiweka kifo ndani ya kila noti, unamnyima mtu huyu uwezo mkubwa aliokuwa nao wa kuona mbali akiwa hai.

Kabla sijafika kwa Messiaen, nikutajie vipande viwili vifupi vya kutafuta. Haydn ana kwarteti, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya mwaka 1781, opasi 33 namba 2 (ndiyo namba yake katika orodha ya kazi zake), ambayo mwisho wake ni somo zima la kungoja. Wimbo unakatwa vipande, kati ya kipande na kipande anaweka kimya, na kila kimya kinakufanya uulize kama ndiyo mwisho. Kinakuja kimya kirefu kuliko vyote, watu wanajiandaa kupiga makofi, ndipo kipande cha kwanza cha wimbo kinatajwa tena kwa sauti ndogo, na kazi imekwisha. Umeishia kwenye mwanzo. Na Smetana wa Bohemia, aliyepoteza usikivu mwaka 1874, aliandika miaka miwili baadaye kwarteti aliyoiita "Kutoka Maishani Mwangu". Sehemu ya mwisho inaanza kwa furaha ya ngoma za kwao, mara muziki unasimama na vayolini inashika noti moja nyembamba ya E, juu sana. Ndiyo mlio aliousikia masikioni mwake uziwi ulipoanza. Noti moja, na maisha yakagawanyika: kabla ya hiyo na baada ya hiyo.

Turudi kwenye rekodi yako ya pili. Messiaen hakutosheka na kuonyesha wakati ukipita, alitaka kuusimamisha. Kipande ulichotumiwa ni sehemu ya tano kati ya nane za "Kwarteti kwa Ajili ya Mwisho wa Wakati". Messiaen, Mfaransa na Mkatoliki wa kweli, alitekwa na Wajerumani mwaka 1940 na kupelekwa kambi ya wafungwa wa vita ya Görlitz, Stalag VIII-A. Ala zake nne, yaani klarineti, vayolini, chelo na piano, ni kundi lisilo la kawaida, na sababu yake ni ya kambini: hao ndio wapigaji waliokuwapo. Henri Akoka alikuwa na klarineti, Jean Le Boulaire vayolini, Étienne Pasquier chelo, na Messiaen mwenyewe alikaa kwenye piano. Mlinzi mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia karatasi na kalamu. Waliipiga kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, baridi kali, ndani ya jengo la mbao, mbele ya wafungwa na walinzi.

Utakutana na masimulizi kwamba wasikilizaji walikuwa 5,000 na chelo ilikuwa na nyuzi tatu. Messiaen mwenyewe alipenda kuyasimulia. Pasquier, ambaye ndiye aliyeishika hiyo chelo, alikanusha: nyuzi zilikuwa nne. Na jengo lenyewe lilitosha watu mia chache tu. Mimi nashukuru kwamba alikanusha, maana muziki huu hauhitaji kusaidiwa.

Jina limetoka Ufunuo sura ya 10, malaika anayesimama juu ya bahari na nchi na kuapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Messiaen alieleza kwamba hakuwa akizungumzia mwisho wa kifungo. Alimaanisha mwisho wa jana na kesho, mwanzo wa umilele. Lakini alimaanisha pia jambo la ufundi: mwisho wa mapigo yaliyo sawasawa, yale ambayo mguu unayafuata. Kwaya yenu ikiimba kwa mapigo manne, mwili unajua la kwanza liko wapi. Yeye anachukua mstari kama huo na kuongezea noti moja nusu ya pigo, au robo. Mguu unaanguka pabaya. Baada ya kuanguka mara tatu nne unaacha kuhesabu, na ukiacha kuhesabu ameshakupata.

Katika sehemu ya kwanza kabisa amefanya jambo ninalolipenda zaidi. Piano ina mpangilio wa urefu wa noti 17 unaojirudia, na mikusanyo 29 ya sauti zinazopigwa pamoja, nayo inajirudia, na miduara hiyo miwili imewekwa mmoja juu ya mwingine. Unajua Ramadhani inavyozunguka: mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mwezi unahama, mwaka huu kiangazi, miaka ijayo masika, na huchukua kama miaka 33 kurudi ulipokuwa. Ndivyo ilivyo hapa. Ili 17 na 29 zikutane tena mwanzoni lazima zipigwe mara 493. Sehemu hiyo haifiki huko, inakatika chini ya dakika tatu. Umefungua dirisha, ukaona kitu kikizunguka ambacho kilikuwa kikizunguka kabla yako, ukalifunga kikiendelea. Na juu ya miduara hiyo klarineti na vayolini wanalia kama ndege wa alfajiri, bila kujali hesabu yoyote.

Chako sasa, cha chelo na piano. Ameandika juu ya ukurasa kwamba kipigwe "polepole isiyo na kikomo". Piano inarudia mikusanyo ya sauti kwa mwendo wa mapigo 44 hivi kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 au zaidi. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako ukiwa unasikiliza, utaona mwili wako unaitangulia piano daima, kila pigo. Mwanzoni inachosha. Kisha mwili unakata tamaa ya kuongoza.

La pili ni hili. Kwenye solfa mkifika "ti" koo zenyewe zinatamani "do". Tamaa hiyo ndiyo injini ya Haydn na Schubert. Ndiyo inayokufanya ungoje. Messiaen anapenda ngazi za sauti alizozipanga kwa mgawanyo wa kujirudia, ambamo mvuto wa kurudi nyumbani umelegea. Sauti inakuja, ni nzuri, na haikuahidi kitu. Basi hakuna unachokisubiri, na asiyesubiri hawezi kusema anacheleweshwa. Ndiyo sababu uliona hakiishi na bado hukutamani kiishe.

La tatu nalisema kama mpiga chelo. Sauti ya piano huanza kufa papo hapo nyundo inapogusa uzi. Hakuna mpiga piano anayeweza kuizuia. Kwa hiyo piano humu ndani inakufa na kupigwa tena, inakufa na kupigwa tena. Chelo peke yake inaweza kuishika noti na hata kuikuza baada ya kuzaliwa. Messiaen alimpa mmoja muda na mwingine umilele, kisha akawaketisha pamoja. Lakini upinde wangu una urefu wa sentimita 70 na kidogo, na kwa mwendo ule unaisha haraka kuliko ninavyopenda. Lazima nigeuze mkono bila msikilizaji kujua kwamba nimegeuza. Wanafunzi huniuliza nafanyaje mazoezi ya kipande hicho, nami huwaambia: ni kona mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, kwa miaka mingi.

Wimbo wenyewe aliutoa kwenye kazi yake ya mwaka 1937 ya ala sita za umeme, iliyoandikwa kwa ajili ya tamasha la maji na taa katika Maonyesho ya Paris. Baadhi ya watu hukerwa wakijua hilo. Mimi naona wimbo ulikuwa ukisubiri mahali pake.

Na sijui kama masikio yako yamekwambia, lakini vipande vyako vyote viwili viko kwenye E meja. Viweke kimoja baada ya kingine usiku, bila kazi nyingine mkononi. Anza na Schubert, usikilize chelo ya pili pekee mpaka mwisho, kwanza kidole, kisha upinde. Halafu Messiaen.

Ukishafanya hivyo, chukua wenzako watatu kwenye kwaya, soprano mmoja, tenori mmoja, besi mmoja, nawe alto. Simameni mkitazamana, mwimbe ubeti mmoja wa polepole mnaoujua, bila mkono wa mwalimu, kila sauti mkiishikilia mpaka wote wanne mmevuta pumzi pamoja ndipo mhame. Mtapotezana mara ya kwanza. Msimwite mwalimu, mrudie, na safari hii mfumbe macho.